Pango la Karamu

Kitale,
14 Januari 2004

Mpendwa Arafa,

Nimefika kwa khocha Wakoli, yule ndugu wa mama niliyekuambia ana shamba nje ya Kitale, upande wa mlimani. Mama amesema nikae hapa mpaka matokeo ya mtihani yatoke, kwa sababu nyumbani Matulo nilikuwa nashinda chumbani, na mgeni akibisha natokea mlango wa nyuma. Ati hapa nitajifunza kuzungumza na watu. Kazi ya khocha ni watu kutwa nzima, na mimi ndiye msaidizi wake mpya. Usicheke.

Kazi yenyewe ni ya Pango la Karamu. Ni pango kubwa kwenye mwamba nyuma ya mashamba ya mahindi, na khocha ndiye anayewaongoza wanaokuja kuliona. Wanakuja Wazungu, wanakuja walimu na wanafunzi wao, wanakuja hata watu wa Nairobi na watoto waliovaa viatu vyeupe. Kabla ya kuwasha taa, khocha huwaambia kwamba duniani kuna mahali patatu pa ajabu kuliko pote: ziwa moja la baridi huko Ulaya lenye mnyama asiyekufa, bahari moja inayomeza meli na ndege bila kutema hata ubao, na hapa waliposimama. Huyataja yote matatu kwa sauti moja, kama mtu anayetaja majirani.

Mimi nabeba taa na mifuko ya wageni. Sijaingia ndani kabisa bado. Siogopi pango, naogopa wageni. Jana mama mmoja aliniuliza jina langu nikamjibu, "Ndiyo."

Niandikie upesi. Simu ya khocha ni ya wageni tu.

Rafiki yako,
Viola Nasimiyu

*

Bungoma,
22 Januari 2004

Niaje Viola,

Barua yako nimeisoma jikoni huku nakata vitunguu, kwa hivyo ukiambiwa nililia, usijivune.

Sasa hiyo karamu ni karamu ya pilau au ni kalamu ya wino? Nauliza kwa sababu nakujua. Si ni wewe uliandika kwenye insha ati waziri alitia sahihi kwa karamu, na mwalimu akauliza kama alichovya kwenye mchuzi? Darasa zima lilikufa. Wewe ukaingia chini ya dawati. Nyinyi watu wa Matulo mlipewa L na R siku moja mkadhani ni mapacha.

Kama ni karamu kweli, nialike. Hapa hotelini kwa Mama hakuna jipya. Msikiti ukitoka tunajaa, halafu tunaosha sahani. Daud, yule fundi wa cherehani wa pale mbele, anakaa meza ya mlangoni anataka chai na hadithi, na hadithi zangu zote zimeisha. Juzi nilimsimulia sinema ambayo sijaiona.

Kwa hivyo niandikie habari za hilo pango. Yote, bana. Na usiruke mabaya, mabaya ndiyo yanauza chai.

Wako,
Arafa

*

Kitale,
3 Februari 2004

Mpendwa Arafa,

Ni karamu. Imeandikwa kwenye bango pale njia panda, kwa rangi nyekundu, na khocha aliliandika mwenyewe. Umetaka mabaya, basi soma, lakini usisome ukiwa jikoni.

Hadithi ni hii. Zamani watu walikuwa wakiishi ndani ya pango, pamoja na ng'ombe wao. Msafiri akipita jioni waliwasha moto mlangoni na kumwita aje kwenye karamu. Aliingia, akapewa kigoda na maziwa, akashiba, akasinzia. Asubuhi kulikuwa na karamu ya pili, na yeye ndiye aliyekuwa chunguni. Khocha anasema mafuta ya wasafiri bado yako ukutani, hayajakauka mpaka leo. Hapo huwaambia wageni waguse. Wanagusa, wananusa vidole, wanapiga kelele, halafu wanagusa tena.

Sasa nikuambie ninachokijua mimi msaidizi. Yale mafuta ukutani ni mafuta ya kupikia yaliyochacha. Khocha huyachukua kwa wakaanga chipsi wa mjini, anayachanganya na masizi, na mimi ndiye ninayepaka kwa kitambaa Ijumaa jioni. Yanaingia kwenye kucha na hayatoki. Nikilala nasikia harufu yangu mwenyewe.

Na kuna mifupa. Khocha huileta kutoka bucha kwenye gunia lililolowa chini. Mingine ina minofu bado, mingine ina nywele za ng'ombe. Naichemsha nyuma ya nyumba mpaka maji yanakuwa na ngozi nyeupe juu, kisha naikwangua kwa kisu, napaka majivu, na khocha anaipanga pembeni mwa pango ionekane ni ya kale. Nzi wanaifuata mpaka ndani. Sufuria ninayochemshia ni ile ya ugali. Nilimuuliza anti Pauline, mke wake, kama hakuna nyingine. Akasema, "Si unaiosha?" Naiosha. Nimeiosha kwa majivu na kwa mchanga, na bado ugali ukiletwa namega tonge naliona linang'aa.

Pango lenyewe chini ni mavi ya popo, laini kama uji uliolala, na ukikanyaga kuna vidudu vinatembea ndani yake. Ukitazama juu, dari linapumua. Wageni hawapewi sehemu hiyo ya hadithi.

Kitu kimoja tu kizuri. Kuna msichana anaitwa Chepkemei, ni wa rika letu, anaishi na nyanya yake kwenye kibanda cha chini ya mwamba. Nyanya yake alizaliwa ndani ya lile pango. Ndiyo, ndani. Jumapili Chepkemei aliniletea maziwa kwenye kibuyu, akakaa na mimi kwenye jiwe bila kuniuliza chochote, na hakuna mtu aliyewahi kukaa na mimi hivyo isipokuwa wewe. Lakini Arafa, maziwa yalikuwa na chembe nyeusi za mkaa, kama wanavyoyatengeneza watu wa kwao, na nilipoyaweka mdomoni nikakumbuka kile kigoda na yule msafiri. Sikumeza. Nilingoja ageuke nikayatema kwenye nyasi.

Najua hadithi ni ya uongo, mifupa naichemsha mimi. Mbona basi sikumeza?

Viola

*

Bungoma,
11 Februari 2004

Viola wangu,

Wacha nikupe heshima yako. Nilianza kuisimulia barua yako saa ya chai, Daud peke yake. Nilipofika kwenye kigoda kulikuwa na meza mbili zimenyamaza. Nilipofika kwenye mafuta ukutani, mwalimu mmoja wa madrasa alisukuma sahani yake ya nyama ya kukaanga kando akasema, "Astaghfirullah, endelea."

Sehemu ya gunia na bucha niliiacha. Si uongo, niliiacha tu. Hadithi ikishapanda juu huwezi kuishusha na mafuta ya chipsi.

Sasa kila anayeingia anaitaka. Juzi alikuja dereva anayebeba mitumba kutoka Lwakhakha, akaagiza chapati na "ile ya watu wa Karamu". Daud ndiye aliwabatiza jina hilo. Mtu akila haraka siku hizi tunamuuliza kama ni wa Karamu. Mama anacheka mpaka anashika meza.

Na huyo rafiki yako wa maziwa, umemwangalia meno? Angalia vizuri, halafu uniandikie. Usikubali kukaa karibu na sufuria.

Wako anayeuza chai kwa jasho lako,
Arafa

*

Kitale,
20 Februari 2004

Arafa,

Tafadhali usiisimulie tena. Nakuomba, wala sitanii. Soma mpaka mwisho utaelewa.

Chepkemei ndiye anayepikia watoto wa nasari uji, kwenye shule ya msingi iliyo chini ya barabara. Kazi hiyo ndiyo inawalisha yeye na nyanya yake. Wazazi wengi wa hapa ni watu waliohamia, wametoka Bungoma, wametoka kwa Wakikuyu, wametoka Turkana, walikuta pango na hawakujua habari zake. Wakasikia za khocha. Kwanza walicheka kama nyinyi. Kisha mtoto mmoja alitapika uji, na mama yake akauliza umepikwa na nani, na mtu akamwambia, ni yule wa pangoni. Wiki hiyohiyo nusu ya watoto walikuja na chupa zao kutoka nyumbani. Sasa wazazi wameitisha mkutano wa kumwondoa.

Hakuniambia kwa kulia. Aliniambia huku anasugua karai la uji, mara mbili, mara tatu, lilikuwa safi tangu mwanzo.

Nikamuuliza, ni kweli waliwahi kufanya karamu? Akasema, "Karamu gani?" Nikamwambia jina la pango. Akanitazama kama mtu anayetafsiri. Akasema, "Hii ni Pango la Kalamu. Ka-la-mu. Ya kuandika."

Alinipeleka upande wa kushoto, ambako khocha hapeleki wageni kwa sababu hakuna la kutisha. Ukuta wa huko ni jiwe jeupe laini, linakatika kwa kisu. Wakati wa nyanya yake kulikuwa na mwalimu aliyefundisha mlangoni mwa pango, na watoto walikata vijiti vya jiwe hilo wakaandikia kwenye vibao vyeusi. Watu wa mbali walituma watoto wao kuja kuchukua kalamu pale. Ndiyo ikawa jina. Alinikatia kimoja. Nikaandika jina langu kwenye mwamba, likatoka jeupe na zuri.

Nilikimbia kwa anti Pauline. Unajua alichofanya? Alicheka. Ati miaka ile khocha alipoandika bango, alisikia wazee wakisema kalamu, mkono wake ukaandika karamu, na hakuona tofauti. Akaja mwalimu fulani na wanafunzi, akasoma bango, akauliza, "Karamu gani ilifanyika hapa, mzee?" Khocha hakutaka kuonekana hajui. Akajibu. Wanafunzi walivyopiga mayowe, akaongeza. Hadithi yote ilizaliwa mchana ule, kwa herufi moja.

Nilingoja khocha anawe mikono ya chakula cha jioni. Nikamwambia, sauti ikinitoka kidogo kidogo, kwamba jina si hilo na Chepkemei anafukuzwa kazi.

Akasema, "Kwani nimemtaja? Nimetaja watu wa zamani."

Nikasema, "Lakini nyanya yake alizaliwa humo."

Akasema, "Basi wafurahi, wamekuwa maarufu." Akasogeza ugali. "Na wewe hii unakula imetoka wapi? Kula, Nasimiyu. Karamu ndiyo hii."

Alikuwa anatafuna. Kulikuwa na mchuzi kwenye pembe ya mdomo wake, nikaona ulimi unakuja kuuchukua. Ni khocha wangu, alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Niliinuka nikaenda kutapika nyuma ya nyumba, pale pale pa mifupa.

Mkutano ni Ijumaa, tarehe tano Machi. Chepkemei ameniomba niseme ninachokijua. Mimi, Arafa. Mbele ya watu.

Viola

*

Bungoma,
26 Februari 2004

Viola,

Nimenyamaza. Nilivyoisoma barua yako Daud alikuwa ananingoja kama kawaida, nikamwambia duka la hadithi limefungwa.

Sasa sikiza. Utasema. Wewe huwezi kuongea kwa sababu unatazama macho ya watu wote kwa pamoja. Chagua mtu mmoja, tena mzee, wazee wanasinzia. Mwambie yeye peke yake.

Na neno lenyewe ulifanyie mazoezi. Kalamu. Ulimi unagusa nyuma ya meno ya juu, unatulia pale kama umeegemea ukuta. LA. Kwa R unatetemeka, usiuache utetemeke. Sema mara nyingi ukiteka maji. Kalamu, kalamu, kalamu. Nakuandikia hivi na mimi mwenyewe nasema kwa sauti jikoni, Mama anauliza nimepatwa na nini.

Wakimwondoa, mlete hapa. Nasema kweli. Msichana wa chapati ameolewa, Mama anatafuta mwingine. Chumba changu kina nafasi ya godoro la pili. Mwambie Bungoma ni mji, kila mtu ana shughuli zake.

Wako,
Arafa

*

Kitale,
8 Machi 2004

Mpendwa Arafa,

Barua hii haijapita posta. Anayekupa ni Chepkemei mwenyewe. Kwa hivyo unajua tayari mkutano uliishaje, lakini wacha nikuambie mimi, kwa sababu yeye hatakuambia.

Tulikaa darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwenyekiti alikuwa mzee Rotich, mtu mpole. Chepkemei alisimama kando ya ubao, amevaa leso safi, mikono nyuma. Walimzungumzia kama hayupo. Mama mmoja alisema kucha zake ni ndefu. Hazikuwa ndefu. Mwingine alisema uji wake una utelezi. Mwingine akasema, "Mimi sisemi wanakula watu. Nasema tu hatujui walikula nini." Na kila mmoja aliposema aliweka mkono tumboni, wote, kama wamefundishwa.

Rotich akaniita. Nilichagua mzee mmoja kama ulivyosema, alikuwa hasinzii. Nilikuwa nimefanya mazoezi mpaka ulimi ukauma. Nikafungua mdomo nikasema, "Jina la pango ni karamu, si kalamu."

Nilisikia mwenyewe likitoka. Mama wa kucha akapiga makofi. "Mmesikia? Hata mpwa wake Wakoli amekubali."

Nikasema hapana, hapana, nikasema tena, na likatoka vilevile. Wakaanza kucheka. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni, herufi kubwa, KALAMU, nikapiga mstari chini ya L. Nikawaonyesha kwa kidole. Baba mmoja wa kwetu Bungoma akasoma kwa sauti, taratibu, akifuata kidole changu: "Ka-ra-mu." Akageukia wenzake. "Si ndiyo hiyo? Msichana anabishana na nani?"

Rotich peke yake ndiye aliona. Alisema, "Ngojeni, ngojeni, hii ni L." Hakuna aliyemsikia.

Hapo nilitoka nje. Nilikuwa nimeacha gunia nyuma ya mlango, la mifupa ya wiki ile, sikuwa nimeichemsha, nilikuwa nimeileta bila kujua kama nitathubutu. Nililiburuta mpaka mbele nikalimwaga kati ya madawati. Maji ya damu yalienda mpaka kwenye viatu vya watu. Walipanda juu ya viti. Nikaokota mguu mmoja, bado una kwato, nikaushika juu ili waone pale msumeno wa bucha ulipopita, umenyooka kama rula. Sikusema neno. Sikuhitaji. Kwato kila mtu anaijua.

Nzi wakaingia. Rotich akasema, "Basi ni ng'ombe. Wakoli ametucheza." Wakakubali, Arafa. Wote walikubali. Nilimtazama Chepkemei nikafikiri tumeshinda.

Kisha yule mama ambaye mtoto wake alitapika akasimama. Hakuwa na ukali. Alisema, "Nimeamini. Ni ng'ombe, ni uongo wa Wakoli. Lakini mimi nikiona hiyo mikono ikikoroga, tumbo inageuka. Sijui nifanye nini. Nikimlazimisha mtoto anywe, mimi mwenyewe nitatapika." Na wengine wakasema ndiyo, hata mimi. Ndiyo, hata mimi. Yule baba wa Ka-ra-mu akasema, "Tumwombe msamaha halafu tutafute mwingine." Wakamwomba msamaha. Mmoja baada ya mwingine, wakisimama mbali. Hakuna aliyempa mkono.

Mwenye kuzoa mifupa nilikuwa mimi. Chepkemei alinisaidia, ndiye alileta ndoo ya maji. Sakafu ilikuwa inateleza. Tukasugua, na wao wamesimama nje wanafunika pua na leso, wanatutazama kupitia dirishani.

Khocha hakukasirika. Hilo ndilo limenichosha kuliko yote. Jumamosi wageni waliongezeka, wamesikia kulikuwa na mifupa iliyomwagwa, na yeye ameongeza sehemu mpya kuhusu msichana aliyeingiwa na roho ya pango. Ananiita "tangazo langu".

Narudi Matulo kesho. Matokeo ya mtihani nitakuambia siku nyingine, si mabaya. Mpokee Chepkemei. Nyanya yake amebaki na binamu zake. Nimemwambia huko hakuna anayemjua, na atakuwa mtu kama watu. Ni mimi nimempa neno hilo.

Viola

*

Bungoma,
14 Machi 2004

Viola,

Nimeanza barua hii mara nyingi.

Alifika vizuri. Ana mikono myepesi, chapati yake inapuliza kama puto, Mama alimpenda kabla hajavua koti. Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Usiku tulizungumza, anajua kucheka, hukuniambia.

Ijumaa baada ya swala hoteli ilijaa. Alikuwa anapeleka sahani meza ya mlangoni. Daud akamuuliza, kwa uzuri tu, "Dada mgeni, kwenu wapi?" Akasema Kitale, juu huko. "Juu wapi?" Akasema, "Karibu na Pango la Kalamu."

Alilitamka sawasawa. L yake ilitulia pale kabisa. Na meza nzima ikasikia karamu.

Daud alikuwa na tonge njiani. Lilisimama. Mtu wa nyuma akasema, "Ile ya hadithi ya Arafa?" Mwingine akacheka, halafu akaacha. Sikuwahi kusikia sahani zikisukumwa polepole namna ile, unajua ile sauti ya bati kwenye meza, moja, nyingine, nyingine. Mwalimu wa madrasa alienda nje akasukutua mdomo. Hakuna aliyesema neno baya. Walilipa wakaondoka, na wengine walinipa mimi pole.

Mimi, pole.

Nilisimama pale nikasema, jamani, ni mifupa ya bucha, ni mafuta ya chipsi, msichana mwenyewe ni mpishi wa nasari. Ile sehemu niliyoiacha, nikaitoa yote. Daud akasema, "Sawa, Arafa, tumekuelewa," kwa sauti unayomwambia mtoto. Chapati yake ilibaki na alama ya kidole gumba.

Chepkemei alikusanya sahani. Jikoni akaniuliza, "Nani aliwaambia?" Nikasema ni mimi. Akauliza, "Na wewe nani alikuambia?"

Ningeweza kusema gazeti, au dereva, au mtu yeyote. Nikasema Viola. Niliona anakumbuka lile jiwe mlilokaa.

Mama amesema atakaa. Amesema hoteli ni yake na atakayeona kinyaa aende akale kwingine. Lakini leo Jumapili tumeuza chai tu.

Najichukia kidogo, na wao nawachukia zaidi, na hilo linaninyima usingizi, kwa sababu wako vile nilivyowafanya. Sijui nikuandikie nini tena.

Arafa

*

Bungoma,
28 Machi 2004

Kwa Viola Nasimiyu, Matulo,

Mimi ni Chepkemei. Nimeomba Arafa karatasi. Sikumaliza shule kama nyinyi, utanisamehe uandishi.

Arafa ametaka nisome barua zako zote. Nimekataa. Amenisomea moja tu, ile ya maziwa, kwa sababu nilimwomba. Nilijua ulitema. Niliona nyasi. Siku ile nilifikiri huyu ni mgeni, tumbo lake halijazoea mkaa wetu. Sikufikiri zaidi.

Bado niko hapa. Mama Arafa ameweka pazia kati ya jiko na meza, na mimi napikia nyuma. Hawanioni. Wameanza kurudi. Wanafikiri nimeenda zangu, na hakuna aliyewaambia nimeenda wala sijaenda. Wanaagiza chapati, wanasema hii ni nzuri, mpishi mpya ni nani? Mama Arafa anasema, "Kula."

Jana nilifungua pazia kidogo nikawatazama. Yule Daud alikuwa anararua chapati yangu kwa meno, mafuta yanamshuka kidevuni, anaongea na mdomo ukiwa wazi, kila kitu kiko ndani nakiona kinageuka. Na wengine hivyo hivyo, vidole vinaingia mdomoni mpaka fundo la pili, vinatoka vinang'aa, vinaingia kwa mchuzi tena. Nilitazama mpaka nikashindwa. Maisha yangu yote nimepikia watu na sikuwahi kuona kinyaa cha mtu akila. Sasa nimekipata, na sijui kama kitatoka.

Nimeambia Mama Arafa nitafanya kazi mpaka Aprili iishe, halafu nirudi kwa kogo, nyanya yangu. Ni mzee, na kule angalau wanaonikataa wananitazama.

Arafa anasema unataka kuniandikia, kwamba umeandika na ukararua. Usiandike. Kwa karatasi wewe unaongea vizuri sana, na mimi nimeona mahali inafika. Matulo si mbali. Kuja wewe mwenyewe, upite mlango wa mbele, useme hapo mezani, watu wakiwa wamekaa, kwamba unamtafuta Chepkemei aliyepika.

Mimi nitatoka.

Chepkemei